Pampu ya Jua Isiyohitaji Betri na Usalama wa Wodi ya Wazazi

Uchungu wa kuzaa hauchagui saa. Mara nyingi humjia mama usiku, na katika zahanati ya kijijini isiyo na maji ya bomba, jukumu la kwanza la ndugu waliomsindikiza huwa ni kwenda kisimani na ndoo. Ndoo ya lita 20 ikifika, yapo mambo mengi yanayoingojea: mikono ya mkunga, mwili wa mama, kitanda, mashuka yenye damu, na vifaa vinavyopaswa kuoshwa kabla ya kutakaswa. Maji hayo yakigawanywa, kila jambo hupata kidogo, na kinachopunguzwa kwanza ni kunawa mikono.

Hatari ya kupunguza hapo imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari na wanafunzi wake wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuwa wakijifungua. Mwezi Aprili mwaka huo, kina mama wapatao 18 katika kila 100 walifariki katika wodi hiyo. Kufikia mwezi Juni, baada ya agizo hilo kuanza kutekelezwa, idadi ilishuka hadi takriban 2 katika kila 100. Elimu ya vimelea haikuwa imekamilika bado. Maji na klorini vilitangulia.

Karne moja na nusu baadaye, elimu ipo, lakini maji hayapo kila mahali. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kituo kimoja kati ya vinne vya kutolea huduma za afya duniani hakikuwa na huduma ya msingi ya maji, na kwamba watu bilioni mbili walikuwa wakitegemea vituo vya namna hiyo. Katika nchi zenye uchumi duni zaidi, hali hiyo ilivikumba karibu nusu ya vituo.

Vituo vingi kati ya hivyo vimejengwa juu ya maji. Maji yapo chini ya ardhi, mita 40, 60 au 80 kutoka kwenye sakafu ya wodi. Kinachokosekana ni nguvu ya kuyapandisha, kila siku, kwa miaka mingi, bila kumtegemea mtu wa kununua dizeli.

Kwa nini betri huangusha mradi wa maji

Wazo la kutumia jua kuvuta maji si geni barani Afrika. Nchini Mali, shirika la Mali Aqua Viva lililoongozwa na padri Bernard Verspieren lilianza kufunga pampu za umeme wa jua vijijini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilichobadilika tangu wakati huo ni bei ya paneli, ambayo imeshuka mno, na ubora wa vidhibiti vinavyounganisha paneli na pampu.

Hata hivyo, miradi mingi iliyofungwa katika vituo vya afya imefuata mpango wa nyumba ya kawaida: paneli juu ya paa, betri ndani ya chumba, na kila chombo kikitumia umeme kutoka kwenye betri hizo. Taa, simu, kompyuta na pampu vyote hunywa katika chungu kimoja. Pampu ndiyo yenye kiu kuliko vyote. Ikiachwa ifanye kazi jioni, huweza kuikausha betri kabla ya usiku wa manane, na mkunga akabaki gizani wakati mama amefikia hatua ya kusukuma.

Betri yenyewe nayo huchoka. Betri ya risasi na asidi inayotumiwa sana katika mifumo ya jua hupoteza uhai haraka inapoishiwa chaji mara kwa mara, na joto huzidisha uchakavu: kila joto linapopanda kwa nyuzi 8 hadi 10, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Ndani ya chumba chenye paa la bati, betri iliyouzwa kwa ahadi ya miaka mingi huweza kudumu mitatu au minne tu. Paneli, kwa upande mwingine, huendelea kutoa umeme kwa miaka 25 na zaidi. Ndiyo sababu katika vituo vingi paneli zinang'aa juu ya paa huku pampu ikiwa imenyamaza: fedha za kununua betri mpya hazikuwekwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Jinsi pampu inavyofanya kazi bila betri

Jibu la wahandisi ni kuutazama upya mfumo mzima. Betri huhifadhi umeme ili maji yavutwe baadaye. Lakini maji yenyewe huhifadhika kwa urahisi kuliko umeme. Tenki lililoinuliwa juu ya mnara ni ghala la nguvu: maji yakishapandishwa huko mchana, yatashuka yenyewe usiku, bila waya wala swichi. Kila mita 10 za kimo hutoa mgandamizo wa takriban ba moja. Kimo cha hata mita 6 kinatosha kufikisha maji kwenye sinki la chumba cha kujifungulia.

Katika mpango huu, nyaya za paneli huenda moja kwa moja hadi kwenye kidhibiti, na kutoka hapo hadi kwenye pampu iliyozamishwa kisimani. Jua linapochomoza, pampu huanza kuzunguka polepole. Kadiri mwanga unavyoongezeka, mwendo huongezeka. Saa sita mchana maji hutoka kwa wingi wake wote, na alasiri hupungua tena. Wingu likipita, pampu hupunguza mwendo au husimama, kisha huanza tena yenyewe. Kituo hakihitaji maji yatoke kisimani kwa kasi ileile kutwa nzima. Kinachohitajika ni tenki lijae kabla ya jua kuzama.

Kidhibiti ndicho kiungo cha busara katika mfumo huu. Mota inapoanza kuzunguka huhitaji mkondo mkubwa, nayo paneli, hasa asubuhi, huwa na volti za kutosha lakini mkondo mdogo. Kuziunganisha moja kwa moja bila chochote katikati huiacha mota imekwama hadi jua lipande sana. Kidhibiti hubadilisha sehemu ya volti kuwa mkondo, mota ikapata msukumo wa kuanzia, na siku ya kazi ikarefuka kwa saa kadhaa. Vilevile hupokea taarifa kutoka kwa vihisi viwili: boya la tenkini, linaloizima pampu tenki likijaa, na kihisi cha kisimani, kinachoizima kabla haijazunguka bila maji na kuungua.

Aina ya pampu nayo ina maana. Pampu za kusukuma kwa mapanga yanayozunguka hutegemea kasi: mwendo ukishuka kwa nusu, kimo zinachoweza kufikisha maji hushuka hadi robo. Siku ya mawingu huweza kuzunguka saa nzima bila tone kufika juu. Pampu za parafujo, ambazo husogeza maji kwa mafungu ndani ya mpira, huendelea kupandisha maji hata zikizunguka polepole, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwa kisima kirefu chenye mahitaji ya kiasi, kama ilivyo katika zahanati nyingi, aina hii ya pili hufaa zaidi. Kwa kisima kifupi kinachohitaji maji mengi, ile ya kwanza huwa bora.

Hesabu inayoweza kufanywa na kila kamati

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 kuhusu mazingira ya vituo vya afya inataja viwango vya chini vinavyoweza kutumika kama kianzio: lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa kila mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi.

Chukua mfano wa kituo kinachopokea wagonjwa wa nje 60, chenye wagonjwa 15 waliolazwa na uzazi 4 kwa siku. Wagonjwa wa nje watahitaji lita 300, waliolazwa lita 900, na wazazi lita 400. Jumla ni lita 1,600. Zikiongezwa nyumba za watumishi, ndugu wanaouguza na akiba ya usafi, kupanga lita 5,000 kwa siku ni busara.

Kupandisha lita 1,000 za maji kwa mita moja huhitaji nishati ya wati-saa 2.7 hivi. Ikiwa kutoka usawa wa maji kisimani hadi kwenye mdomo wa tenki ni mita 60, lita 5,000 zitahitaji takriban wati-saa 820. Pampu na mota hupoteza sehemu kubwa ya umeme njiani; ikichukuliwa kwamba asilimia 40 tu hufanya kazi iliyokusudiwa, umeme unaohitajika ni wati-saa 2,050. Katika mwezi wenye mawingu mengi, siku inaweza kuwa na saa nne na nusu tu za jua kamili, na robo ya nguvu ya paneli huliwa na joto, vumbi na nyaya. Hesabu inaishia kwenye wati 610. Paneli mbili za wati 330 zingetosha kwa karatasi. Fundi makini ataweka tatu, kwa kuwa paneli ya ziada ni rahisi kuliko siku ya kiangazi bila maji.

Linganisha sasa njia mbili za kuweka akiba ya siku tatu. Kwa maji, ni tenki au matenki yenye ujazo wa lita 15,000. Kwa umeme, ni wati-saa zaidi ya 6,000 zinazotumika; na kwa kuwa betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu, zitahitajika betri zipatazo kumi za volti 12 zenye ampea-saa 100 kila moja. Tenki likitunzwa halidai kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Betri kumi zitadai.

Ndugu yake ni jokofu la chanjo

Wahudumu wa afya wanaweza kuona kwamba wazo hili si geni kwao. Majokofu ya kwanza ya chanjo yaliyotumia jua yalitegemea betri, na mengi yaliharibika pale betri zilipokufa. Majokofu mapya yanayopokea umeme wa paneli moja kwa moja huhifadhi ubaridi badala ya umeme: mchana hugandisha barafu au kimiminika maalumu ndani ya kuta zake, na usiku barafu hiyo hushikilia chanjo kati ya nyuzi joto 2 na 8. Jokofu huweka baridi, tenki huweka maji, na vyote viwili huliacha jua lipumzike usiku bila huduma kusimama.

Hii haina maana kwamba kituo hakihitaji betri kabisa. Taa ya chumba cha kujifungulia, simu ya rufaa na vifaa vya kumpima mama usiku vyote huitaka. Lakini pampu ikiwa na paneli zake, betri ndogo inayobaki itahudumia taa peke yake, haitaishiwa kila siku, na itadumu zaidi. Kutenganisha maji na mwanga hulinda vyote viwili.

Risasi iliyo ndani ya betri

Ipo sababu nyingine ya kupunguza betri, nayo ni ya kitabibu. Betri ya risasi ikifa, mara nyingi huuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ikivunjwa uani na kuyeyushwa kwenye moto wa mkaa, vumbi lake hukaa kwenye udongo ambako watoto hucheza. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008 kutokana na sumu ya risasi iliyotoka katika kazi ya kuvunja betri. Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, uamuzi uliofuatwa na rufaa.

Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na huweza kuleta upungufu wa damu. Kwa mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia kijusi. Mhudumu anayepokea mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, degedege au upungufu wa damu usiopona anapaswa kuuliza iwapo nyumbani au jirani kuna mtu anayefufua au kuvunja betri. Kituo chenyewe kisiwe chanzo: betri zilizokufa zirudishwe kwa wakala anayezipokea kwa urejelezaji rasmi, wala zisipewe mlinzi kama zawadi.

Maji mengi si lazima yawe maji salama

Pampu ikianza kufanya kazi, kishawishi huwa ni kusherehekea na kuondoka. Kazi ya afya ndiyo inaanza hapo. Kisima kiwe mbali na choo, angalau mita 30, na mdomo wake uzungushiwe sakafu ya saruji inayotiririsha maji nje. Kabla hata ya kununua pampu, maji yapimwe. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, maji ya ardhini huweza kuwa na floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi hiyo haionekani, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na, baada ya miaka mingi, hukakamaza na kupinda mifupa. Kisima cha namna hiyo kinaweza kufaa kwa usafi na ufuaji, lakini maji ya kunywa yatafutwe kwingine au yachujwe kwa njia iliyothibitishwa.

Maji ya tenki yatiwe klorini, na nusu saa baadaye yapimwe kwenye koki. Klorini iliyobaki ikiwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, maji yamelindwa hadi mwishoni mwa bomba. Kwa kuwa tenki hujazwa kila siku, dozi nayo ni ya kila siku. Klorini ya Jumatatu haiyalindi maji ya Alhamisi.

Tenki lifunikwe barabara, na bomba la hewa na la kumwaga yafungwe wavu. Mbu aina ya Aedes hupenda maji safi yaliyotuama karibu na watu, na Dar es Salaam inakumbuka milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019. Ingekuwa kinaya kituo kilete maji ya kuokoa wazazi kisha kifuge mbu juu ya paa la wodi.

Mipaka na matunzo

Mfumo usio na betri una udhaifu wake, na ni haki kamati kuujua kabla ya kutia sahihi. Siku tatu za mvua mfululizo huteremsha maji ya tenki. Ndiyo maana ya akiba ya siku tatu, na ndiyo sababu maji ya mvua kutoka kwenye paa yasiachwe yapotee. Moto ukizuka usiku, pampu haitasaidia. Kilichomo tenkini ndicho kilichopo. Na kwa kuwa jua halitozi bili, ni rahisi kuvuta maji kuliko kisima kinavyoweza kurudishia. Boya la tenki na mita ya maji ni vya lazima, na kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde.

Matunzo ni machache lakini hayasamehe. Paneli za Tanzania zielekezwe kaskazini, zikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe, na wakati wa kiangazi zifutwe vumbi kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla hazijapata joto. Tawi moja la mwarobaini likitupa kivuli kwenye kona ya paneli moja huweza kupunguza nguvu ya mstari mzima. Nguzo na mnara viunganishwe na ardhi kwa ajili ya radi. Na kila mtumishi aambiwe jambo moja la usalama: paneli haizimwi. Maadamu kuna mwanga, nyaya zake zina umeme, hata kama pampu imesimama. Mkondo wake ni mnyoofu, na waya ukichomolewa ukiwa na mzigo hutoa cheche isiyokatika upesi. Kazi hiyo ni ya fundi, baada ya kukata swichi kuu.

Fedha iliyookolewa kwenye dizeli na betri isihesabiwe kuwa faida. Pampu iliyozama itahitaji kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na kidhibiti pia. Kamati ya usimamizi wa kituo inayoweka akiba kidogo kila mwezi itakuwa na fedha siku hiyo ikifika. Isiyoweka itarudi kwenye ndoo. Kwa ushauri wa kitaalamu, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, una ofisi katika wilaya.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Mwananchi anayefika kituoni anaweza kupima mafanikio ya mradi huu bila kuijua pampu yenyewe. Je, kuna maji kwenye sinki karibu na kitanda cha kujifungulia, na sabuni pembeni? Je, mhudumu ananawa kabla ya kumgusa mgonjwa? Je, choo cha wagonjwa kina maji ya kunawa, na kinaweza kutumiwa na mama aliyetoka kujifungua? Je, koki inatoa maji usiku kama inavyotoa mchana? Ana haki ya kuuliza, na kamati ya kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi, ndiyo mahali pa kuulizia.

Kwa mganga mfawidhi, kipimo kinaweza kuwa kifupi zaidi. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya zamu ya usiku kuanza, mtu mmoja apande ngazi au atazame kipimo cha tenki, aandike kiasi cha maji kwenye daftari la makabidhiano, chini ya orodha ya dawa na vifaa vya uzazi. Mkunga anayepokea zamu atajua, kabla mama wa kwanza hajabisha hodi, kwamba ndugu zake hawatatumwa kisimani.